Karati Sitini na Tatu na Paundi Moja

Sehemu ya Tisa

"Stoni tisa na paundi tano!"

Hapo ndipo tulipomwacha Roselyne wiki iliyopita, na najua wengine wenu mmeninunia kwa siku saba. Poleni. Mwenzenu hata pa kukaa hajapata. Bado yuko juu ya mizani ya mlangoni, koti mwilini na viatu miguuni kama sheria ya karakana inavyotaka, na sindano imekataa kurudi nyuma.

Asubuhi aliingia kazini na stoni tisa na paundi nne. Sasa ni saa kumi na moja na robo jioni, na ana stoni tisa na paundi tano.

Paundi moja imeongezeka, na kule mezani kifurushi cha tanzanaiti kumi na moja hakionekani tangu saa nane mchana.

"Shuka," akasema Rajinder.

Kwa msomaji aliyeingia leo: Rajinder ndiye mwenye karakana hii ya vito hapa Hockley, Birmingham. Kisumu alikuwa sonara wa kutajika, na hapa pia anatajika, ila hapa usingizi umemkimbia. Tangu Januari ya mwaka huu wa 1973 anawapima wafanyakazi wake kwenye mizani ya watu, asubuhi wakiingia na jioni wakitoka. Ukitoka mzito kuliko ulivyoingia, unapekuliwa. Ukizidi paundi mbili, kazi huna.

Kila siku msoma sindano huwa Barnabas, karani wa mlango, mume wa Roselyne. Leo Rajinder alimsukuma kando akasoma kwa macho yake mwenyewe.

"Roselyne, nakuuliza mara ya mwisho. Yako wapi?"

"Sijui, Bwana Rajinder. Haki ya Mungu sijui."

"Paramjit! Mpekue huyu."

Paramjit ni mke wa Rajinder. Akamwingiza Roselyne chumba cha pembeni, akafunga mlango. Akapekua mifuko, mkoba, viatu, soksi, mpaka nywele. Wakatoka.

"Hana kitu," akasema Paramjit.

Mlidhani yamekwisha? Thubutu!

"Hana kitu nje," Rajinder akasema. "Basi yamo tumboni. Ameyameza!"

"Nimemeza nini?"

"Paundi hiyo imetoka wapi, mama? Imeshuka na mvua? Nimeshapiga simu polisi. Watakupeleka hospitali, tumbo lipigwe picha, halafu utawaeleza wao."

Picha ya tumbo Roselyne hakuiogopa. Aliogopa neno polisi. Mgeni akishaandikwa mwizi katika nchi hii, nani atasikiliza la pili? Jela, kisha ndege ya kurudi Nairobi. Na Gertrude wake, mtoto wa miaka minne, yuko kwa jirani Handsworth akingoja mama wa saa kumi na mbili.

Akamgeukia mumewe.

"Baba Gertrude, sema kitu."

Barnabas alikuwa amesimama kando ya mizani, daftari kwapani, kalamu sikioni. Akaangalia sakafu.

"Sheria ni sheria, Mama Gertrude."

Jamani! Mwanamume ameoa kanisani, amekula ugali wa huyu mwanamke miaka sita, na siku ya siku anamwambia sheria ni sheria. Mimi mwandishi nilitaka kuiacha kalamu hapo nikatafute mtu wa kugombana naye. Lakini Roselyne hakulia. Hasira ilimkausha machozi, na ilipomkausha ikamrudishia akili.

Maana huyu mama hakuanzia kazi hapa. Miaka miwili alikuwa msaidizi wa wodi, na kazi yake kubwa ilikuwa kupima wagonjwa. Stoni na paundi anazijua kuliko majina ya binamu zake.

"Bwana Rajinder," akasema, "hayo mawe yana uzito gani?"

"Karati sitini na tatu!"

Alilitamka hilo kwa sauti ya mtu aliyeibiwa gunia la mahindi na punda aliyelibeba.

"Karati sitini na tatu ni paundi ngapi?"

Rajinder akaitazama sindano.

"Nimeuliza, ni paundi ngapi?"

"Ni… ni nyingi."

"Nyingi ngapi?"

"Mama, hizo ni karati sitini na tatu! Unajua ni mali ya namna gani?"

"Sikuuliza mali. Nimeuliza uzito."

Wasomaji wangu, msimcheke Rajinder. Karati anazijua tangu utotoni. Ndani ana mzani mdogo wa sonara, umefungiwa kwenye sanduku la kioo, na ukiupumulia tu unatikisika. Stoni pia anazijua, daktari wake humkemea nazo kila mwaka. Ila mzani wa ndani na mizani ya mlangoni zimekaa nyumba moja miezi kumi na moja bila kujuliana hali. Hakuna aliyewahi kuzikutanisha.

"Karati tano ni gramu moja," ikasema sauti kutoka mezani.

Ilikuwa ya Surinder, mchambuzi wa mawe, mfanyakazi wa mwisho aliyebaki. Wenzao wote walikwisha kupimwa wakaenda zao kupanda mabasi. Leo Surinder alikuwa na furaha ya peke yake: mkewe alijifungua binti juzi, naye saa ya chakula aliwaletea wote ladu, vile vidonge vitamu vya Kihindi, na chai ya maziwa.

"Wewe nyamaza," Rajinder akamwambia.

"Karati tano, gramu moja," Surinder akarudia, kichwa kainamisha. "Ukweli haunyamazi, kaka."

Roselyne akadaka hapo hapo. "Wodini dawa tulizipima kwa gramu na watu kwa stoni. Paundi moja ni gramu mia nne hamsini na nne. Andika, Surinder."

Surinder akachukua penseli na bahasha tupu. Mia nne hamsini na nne, mara tano. Akaandika, akafuta, akaandika tena.

"Paundi moja," akasema, "ni karati elfu mbili mia mbili na sabini."

"Rudia hesabu," akasema Rajinder.

"Nimeirudia."

"Irudie tena!"

"Elfu mbili mia mbili na sabini, kaka. Ukitaka niifanye kwa Kipunjabi, itatoka hiyo hiyo."

Roselyne akashika kiuno. Sasa sauti yake ilikuwa imepanda, na aliiacha ipande.

"Gawa kwa sitini na tatu."

Penseli ikakwaruza. "Thelathini na sita."

"Umesikia, Bwana Rajinder? Ili sindano yako inisogeze paundi moja, lazima nimeze vifurushi thelathini na sita kama hicho kilichopotea. Vifurushi thelathini na sita umewahi kuviona pamoja? Hata ndotoni?"

Na huyu Surinder, mtu wa hesabu akianza hakuna wa kumzuia, alikuwa bado anaandika.

"Stoni moja ni paundi kumi na nne," akasema, "kwa hiyo ni karati elfu thelathini na moja, mia saba na themanini. Na Mama Gertrude mzima, uzito wake wa asubuhi, ni karati laki mbili na elfu tisini na tano na mia moja."

"Laki mbili!" Roselyne akapiga makofi. "Unatafuta karati sitini na tatu ndani ya laki mbili na tisini na tano elfu, kwa mizani ya kupimia watu! Afadhali ungenusa pumzi yangu."

"Makaratasi!" Rajinder akafoka. "Penseli inaandika chochote. Mimi ni fundi, nataka kuona."

Akaenda kwenye sefu, akazungusha, akafungua. Akatoa mawe yote yaliyokwisha kukatwa, kila kifurushi, akayamwaga kwenye leso moja. Karati mia nne na kumi. Ndiyo yote aliyokuwa nayo duniani.

"Surinder, panda."

Surinder akapanda. Stoni kumi na paundi kumi na mbili. Sindano ikatulia.

"Shika."

Akamtia leso ile mkononi, na mawe yote ndani. Wote wakainama kwenye kioo cha mizani, vichwa vinne karibu kugongana, Paramjit akichungulia nyuma ya bega la mumewe.

Stoni kumi na paundi kumi na mbili.

Rajinder akakigonga kioo kwa kidole. Akakigonga kwa ngumi.

Stoni kumi, paundi kumi na mbili, na sefu nzima mkononi!

Lo! Mngeuona uso wa huyo mzee. Akavuta kigoda, akakaa. Akaichukua leso yake akaikumbatia.

"Kemunto," akasema polepole.

Mnamkumbuka Kemunto, msichana wa kung'arisha pete, aliyefukuzwa mwezi wa tatu kwa kuzidi paundi mbili? Alilia mlangoni hapa hapa, akasema alikunywa maji tu. Wakamwambia muongo.

"Painti moja ya maji, zaidi kidogo ya nusu lita, ni paundi moja na robo," Roselyne akasema. "Kila muuguzi anajua. Leo nimekunywa vikombe vitatu vya chai ya Surinder na ladu nne juu yake. Siku zote saa ya chakula nakimbia kumwona mtoto, sili kitu. Leo nimekula kwa furaha ya watu, na chakula cha watu kimenifanya mwizi."

Surinder akajifuta macho. "Samahani, dada."

"Si kosa lako."

Rajinder akainua kichwa. Roselyne akadhani sasa ataombwa msamaha. Mimi pia nilidhani hivyo.

"Hesabu hii," Rajinder akasema, "uliijua tangu lini?"

"Tangu nikiwa wodini."

"Tangu kabla ya Januari."

"Ndiyo. Gramu na paundi…"

"Basi hapa watu wote waliiogopa mizani isipokuwa mmoja." Akasimama. "Mimi niliiamini. Surinder aliiamini. Kemunto maskini aliiamini mpaka ikamfukuza. Wewe peke yako ulijua kwamba haiwezi kumkamata mtu. Sasa niambie, mama, nani angeiba bila kutetemeka?"

Ala! Kamba ile ile aliyojiokolea, sasa inamkaba shingo.

"Karati zako sikuzijua! Leo ndiyo mara ya kwanza nasikia karati tano ni gramu moja!"

"Utawaambia polisi."

Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na moja na dakika thelathini na tano. Kituo cha polisi hakiko mbali.

Roselyne akatazama huku na huku. Akamwona mumewe, na kwapa la mumewe, na kilichokuwa kwapani.

"Nataka daftari."

"La nini?" Barnabas akauliza. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu lile la sheria ni sheria.

"La uzito. Mizani haioni mawe, sawa. Lakini inaona watu. Niangalie watu."

"Hili ni la ofisi, Mama Gertrude. Halishikwi na kila mtu." Akalibana zaidi.

"Ofisi ni yangu," Rajinder akasema. "Mpe."

"Bwana, muda…"

"Barnabas, mpe."

Akampa. Alivyompa, mngedhani anamkabidhi figo.

Ndani ya daftari hamkuwa na majina. Barnabas aliwaandika watu kwa namba, kuanzia moja mpaka tisa, asubuhi safu moja na jioni safu ya pili. Roselyne alijua yake tu, namba nne: asubuhi tisa na nne, jioni tisa na tatu, karibu kila siku, kwa sababu ya kukosa chakula cha mchana. Surinder alimwonyesha yake, namba mbili: leo kapanda, kesho kashuka, na alama nyekundu sita za kupekuliwa.

Roselyne akapitisha kidole. Namba moja inapanda na kushuka. Namba tatu vile vile, na Juni nzima haikuwapo. Namba tano aliugua Februari, ukaona kabisa paundi zikimwishia na kurudi Machi. Kwa mtu wa wodi, daftari lile lilikuwa linaongea.

Kidole kikasimama.

"Huyu ni nani?"

"Yupi?" Rajinder akasogea.

"Namba saba. Angalia. Januari, asubuhi stoni kumi na moja na paundi sita. Jioni kumi na moja na sita. Februari hivyo hivyo. Aprili. Julai na joto lake, kumi na moja na sita. Jana jioni, kumi na moja na sita." Akafunua, akafunua. "Miezi kumi na moja, Bwana Rajinder! Huyu mtu hali? Hanywi? Chooni haendi? Hata maiti hubadilika uzito."

"Hana alama nyekundu hata moja," Surinder akasema, akichungulia.

"Hawezi kuwa nayo. Huyu hajawahi kukanyaga mizani hii hata siku moja. Ameandikiwa tu. Na asiyepimwa hapekuliwi."

Rajinder akamshika mkono.

"Namba saba ni nani?"

"Sijui."

"Orodha iko ukurasa wa mwisho," Surinder akasema.

Kengele ya mlango wa chini ikalia. Mara moja, ndefu.

"Polisi hao," akasema Rajinder. "Surinder, kawafungulie. Roselyne, nipe jina, na huyo polisi ataondoka na mwenye jina hilo. Wewe utarudi kwa mwanao. Naapa."

Nyayo za Surinder zikashuka ngazi. Kutoka mlango wa chini hadi humu ni ngazi za orofa tatu.

Roselyne akafunua ukurasa wa mwisho. Moja, mbili, tatu… Kidole kikashuka kwenye saba.

Akasoma kimoyomoyo. Akasoma tena. Mwandiko ulikuwa mzuri, wa mtu aliyesoma kwa wamishonari, na aliujua mwandiko huo kwa sababu ulimwandikia barua za uchumba.

Na hapo Barnabas akaongea. Akaongea kwa Kikisii.

Mnaelewa ujanja wake? Humu karakanani Kiswahili ni cha wote. Rajinder anakijua cha Kisumu, Surinder cha Nakuru, na huwezi kumficha mtu kitu ndani yake. Kiingereza polisi anakijua. Lakini Kikisii kilikuwa cha watu wawili tu, chao cha kitandani na cha kugombania. Barnabas alikisema taratibu, na tabasamu usoni, kama mume anayemfariji mkewe.

"Usisome jina hilo. Mawe yako kwako. Ndani ya bitana ya koti lako, chini, upande wa kushoto, kuna mfuko niliushona mwenyewe. Tangu Januari unayatoa humu bila kujua. Wewe jioni hutoka mwepesi, wewe hupekuliwi. Ukinitaja, mimi watanikuta mtupu, na wewe watakukuta nayo. Sema ni Surinder. Tutakwenda nyumbani, nitakueleza yote."

Roselyne akaacha kidole kwenye saba.

Ndiyo maana! Ndiyo maana kila jioni alimpokea koti mlangoni kwao, akamvua kwa mikono yake miwili na kulitundika mwenyewe, mpaka majirani wa Handsworth wakawaambia waume zao, igeni kwa Barnabas. Roselyne alikuwa akijidai kwa hilo. Moyo ulimuuma pale pale, maumivu ya kweli, ya upande wa kushoto.

Mkono wake ukateremka taratibu kwenye pindo. Ukabonyeza. Chini ya kitambaa, punje ndogo ngumu, kama mtama uliobaki kwenye kona ya gunia.

Yapo. Muda wote huu alipokuwa akipiga makofi na kumzomea Rajinder, yalikuwa naye.

"Roselyne," Rajinder akasema, "soma jina."

Nyayo zikapanda ngazi. Mbili zilikuwa za Surinder, nyepesi. Nyingine zilikuwa za buti.

Fikiri nawe, msomaji. Aseme Surinder, na Surinder hayupo kujitetea. Surinder aliyemhesabia. Surinder mwenye binti wa siku mbili. Polisi atamchukua huyo, Rajinder atashukuru, na saa kumi na mbili Roselyne atambeba Gertrude wake mgongoni. Hakuna ambaye angejua, ila yeye na mumewe. Au aseme ukweli, na ukweli huo umeshonwa kwenye koti lake.

"Soma!"

"Namba saba," Roselyne akasema, "ni Barnabas. Ni mume wangu."

Kalamu ya Barnabas ikaanguka kutoka sikioni.

Kisha, amini usiamini, akacheka. Akatoa mifuko yake yote nje, wa kulia, wa kushoto, wa nyuma. Akavua viatu, akavipindua. Akainua mikono juu.

"Nipekue, Bwana Rajinder. Nimekuwa mvivu wa kujipima, nakiri, nifukuze kwa uvivu. Lakini mwizi? Angalia. Sina kitu." Akamwelekezea mkewe kidole. "Sasa mpekueni tena yeye, vizuri zaidi. Anzeni na koti."

Eti baba wa mtoto huyo!

Mlango ukafunguliwa. Akaingia Surinder, na nyuma yake polisi, mrefu mpaka kofia ikagusa kizingiti, shavu jekundu kwa baridi ya Novemba. Akauliza kwa Kiingereza chake cha hapa hapa nani aliyeita, na ni nani mwenye kesi.

Rajinder akamtazama Barnabas. Akamtazama Roselyne. Akalitazama koti.

"Vua koti, Roselyne," akasema.

Roselyne alitaka kusema yapo, ni kweli yapo, lakini siyo mimi. Alitaka kulisema kwa Kiingereza polisi alielewe, na Kiingereza chote cha miaka sita kikamtoka kichwani. Nani angemwamini? Mwanamke aliyejua hesabu ya mizani, mawe yako mwilini mwake, anamsingizia mumewe aliye mtupu. Hata mimi ningekuwa polisi ningemtia pingu.

Akafungua kifungo cha kwanza. Cha pili kikamshinda, vidole vilikufa ganzi.

Polisi akapiga hatua mbele. Na hapo Paramjit, ambaye watu walikuwa wamesahau kama yumo, akapita katikati yake na Roselyne, akasimama.

Kuna jambo ambalo Barnabas, kwa ujanja wake wote, hakuwahi kuuliza. Alijua Rajinder ni wa Kisumu, akadhani mke naye ni wa huko huko. Kumbe Paramjit alizaliwa Kisii mjini, nyuma ya duka la baba yake la mabati na misumari. Alicheza na watoto wa Nyanchwa kabla hajajua Kiswahili, na akina mama wa sokoni ndio waliomfundisha kuhesabu. Huku Birmingham hajapata mtu wa kuzungumza naye lugha hiyo, na hakuna aliyemwuliza.

"Mama Gertrude," akasema, kwa Kikisii kisicho na kigugumizi hata kimoja, "hilo koti usimpe polisi. Nipe mimi. Na wewe, Baba Gertrude, kaa hapo hapo ulipo. Nimekusikia tangu neno la kwanza mpaka jina la Surinder."

Tabasamu likamwisha Barnabas usoni. Rangi nayo ikafuata.

Rajinder hakuelewa hata neno, alikuwa akimtazama mkewe kama mgeni. Polisi naye hakuelewa. Watu watatu tu mle ndani walielewa, na mmoja wao alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwenye koti.

Roselyne akavua mkono wa kwanza. Akavua wa pili. Akalinyoosha koti mbele.

Mkono wa Barnabas ulifika kabla ya wa Paramjit.